Bodaboda Ikilia Tiki-Tiki: Jinsi ya Kujua Kama ni Valvu, na Oili Ipi Uweke

Kaa dakika chache kwenye kijiwe cha bodaboda Titye, asubuhi kabla abiria hawajaanza kutoka, utazisikia. Moja inawaka kimya. Nyingine inalia tiki-tiki-tiki kama cherehani. Dereva anaulizia dukani, anaambiwa aweke oili nzito zaidi. Anaweka, mlio unapungua, anarudi barabarani akijua amemaliza tatizo.

Hajamaliza. Oili nzito haitengenezi valvu, inafunika sauti tu. Kwa dereva anayeendesha kwa mkataba hilo ni jambo zito, maana injini ikinoki pikipiki inalala, lakini hesabu ya tajiri hailali.

MLIO UNATOKA WAPI

Valvu ni milango miwili iliyo juu ya silinda. Mmoja unaingiza hewa na petroli, mwingine unatoa moshi. Kila mlango unafunguliwa na roka, kidude kinachopanda na kushuka kikisukumwa na kamshafti. Kati ya roka na valvu huachwa nafasi ndogo sana, ambayo mafundi huiita tapeti. Kwenye pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, yaani kama unene wa karatasi.

Nafasi ikizidi, roka inaipiga valvu badala ya kuisukuma taratibu. Injini ikiwa sailensa kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 700. Ndiyo maana mlio unasikika kama cherehani, na ukivuta mafuta unaenda kasi pamoja na injini.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Si kila mlio ni valvu. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye silinda hedi na mpini karibu na sikio, injini ikiwa sailensa. Angalia nguo na vidole visiguse eksozi wala cheni. Kisha linganisha:

• Tiki-tiki nyepesi, juu kabisa kwenye hedi: hiyo ni tapeti. Ikisikika asubuhi tu, ikaisha baada ya dakika moja au mbili, mara nyingi ni oili ambayo ilikuwa haijafika juu.

• Cha-cha-cha kama mnyororo unaoburuzwa, ubavuni mwa injini: shuku taimingi cheni au kikaza chake.

• Chwi-chwi inayofanana na tapeti, na kuna masizi meusi pale eksozi inapoungana na hedi: gasketi ya eksozi inavuja.

• Kengele nyepesi inayolia ukipanda mlima na mzigo kwa gia kubwa, ikanyamaza ukiachia mafuta: petroli inawaka vibaya ndani ya silinda. Punguza gia kwanza, kisha fundi aangalie petroli, plagi na kaboni.

• Ngo-ngo nzito kutoka chini: zima injini hapo hapo. Inaweza kuwa beringi ya koneti, na kila kilomita unayoongeza inaongeza gharama.

PIMA OILI KWANZA

Kabla ya kushika spana, angalia kiwango cha oili. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Iache iunguruме dakika chache, izime, subiri kidogo, ndipo upime. Pikipiki nyingi zenye kijiti cha kupimia hupimwa kijiti kikiwa kimetumbukizwa tu bila kufungwa kwa nyuzi zake. Nyingine zina kioo kidogo ubavuni. Injini hizi huchukua oili ya lita moja hivi, kwa hiyo ikipungua robo lita tu ni pengo kubwa. Roka ziko juu kabisa, na oili ikipungua huko juu ndiko kunakoteseka mapema.

KUSETI TAPETI

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi baada ya kulala. Chuma kikipata moto kinatanuka, na kipimo cha injini ya moto kinadanganya.

Fundi anazungusha injini kwa mkono mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava, pistoni ikiwa juu na roka zote mbili zikicheza kidogo. Kama roka zimekaza, anazungusha duru moja nzima tena. Anapitisha fila geji, analegeza nati, anarekebisha, anakaza, kisha anapima mara ya pili, maana nati ikikazwa kipimo huweza kuhama. Kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Fundi anayeseti kwa kukisia na vidole, bila fila geji, anabahatisha.

VALVU ILIYONYAMAZA NDIYO YA KUOGOPA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dereva anataka ukimya, fundi anakaza tapeti mpaka mlio uishe. Sasa valvu haifungi vizuri.

Valvu ya eksozi hupoa inapokaa kwenye kiti chake, kwa sababu joto linahamia kwenye hedi. Isipokaa sawasawa, joto halina pa kwenda, na ukingo wa valvu unaanza kuungua. Dalili zake hazina kelele: kuwaka kwa shida asubuhi, kuzimika ikiwa sailensa, kukosa nguvu mlimani hata bila mzigo. Kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo, dereva anayebeba abiria na gunia la maharage ataisikia kwenye mlima kabla ya kuisikia kwa sikio.

Tapeti yenye mlio mdogo ni salama kuliko tapeti iliyokazwa ikanyamaza.

OILI IPI UWEKE

Kwenye kopo kuna mambo matatu ya kusoma.

La kwanza ni namba za uzito, kwa mfano 20W-50 au 10W-30. Namba ya kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi, ndogo ikiwa nyepesi zaidi. Namba ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikiwa ya moto. 20W-50 inatumika sana Tanzania na inafaa pikipiki nyingi za hewa, lakini baadhi ya injini mpya zimetengenezwa kwa oili nyepesi. Ukiziwekea nzito, asubuhi ya baridi oili inachelewa kufika kwenye roka. Fuata kitabu.

La pili ni herufi za JASO. Tafuta MA au MA2. Kwenye pikipiki nyingi za gia klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na MA ni oili isiyofanya klachi iteleze. MB ni kwa skuta ambazo klachi yake haiko ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Ukiiweka kwenye bodaboda, injini inapiga kelele lakini pikipiki haivuti.

La tatu ni herufi za API. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli.

USIPIGWE DUKANI

Nunua kopo ambalo sili yake haijaguswa, na uache ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Oili kuwa nyeusi baada ya kazi ni kawaida, inasafisha injini. Ya kuogopa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu imeingiwa na maji, inayonuka petroli, au yenye chembe zinazong'aa, ambazo ni chuma kinacholika.

Barabara za vumbi jekundu zinaongeza kazi nyingine: safisha filta ya hewa mara kwa mara. Vumbi likipita hapo linaishia kwenye oili, na oili yenye vumbi inasaga injini kama msasa.

Weka hesabu ya kilomita. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku inafikisha 3,000 ndani ya mwezi mmoja. Andika siku uliyomwaga oili na siku uliyoseti tapeti, hata nyuma ya daftari la hesabu ya tajiri. Siku mlio ukianza utajua pa kuanzia: kiwango cha oili, kisha tapeti kwa fila geji, kisha mengine. Kubadilisha uzito wa oili ili mlio uishe hakumo kwenye orodha hiyo.