Ua Lililokwenda Vitani

Tukizungumzia mazao ya ukoloni tunakimbilia mkonge, kahawa, chai. Pareto tunaisahau, labda kwa sababu ni ua tu: petali nyeupe, moyo wa njano, ndugu kabisa wa deizi. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Miaka ya 1930 soko lilikuwa la Japani. Desemba 1941 Japani ikaingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza, na majeshi hayo, yaliyokuwa yakiandamwa na mbu na chawa, yakageukia nyanda za juu za Kenya. Waliochuma vile vichwa, kimoja kimoja kwa mkono, sijawahi kuwaona kwenye picha za ushindi. Hilo linaniuma.

Halafu ikaja DDT. Miaka ya 1970 wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, wakaiga sumu ya ua hilo maabara. Ndiyo permethrini iliyokuja kutiwa kwenye vyandarua. Huko Kenya malipo yakachelewa, wakulima wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi. Ungefanyaje?

Mbegu zake ni ndogo mno. Mimi nazisia kitaluni na kuzifunika kwa udongo kiduchu. Ukiwa Dar usijisumbue: utapata majani tu, maana bila baridi pareto haichanui. Hapa Njombe baridi si ya kutafuta. Sasa hivi nina vichwa 11 vinakauka kivulini, na nzi wanatua juu ya sinia bila wasiwasi.