"Ile" ya matapeli

"Ile pesa tuma kwenye namba hii." Ujumbe huu umewasumbua Watanzania miaka mingi. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliingia kwao mwaka 2008, ikafika Kongo mwaka 2012. Msomaji wa Kasongo au Kabambare hahitaji mkalimani wa ujumbe huo: Kiswahili kilifika Maniema ya kusini na misafara ya karne ya 19, na "ile" tunaitumia vilevile.

Tapeli hakuandika "pesa" tu. "Ile" huonyesha kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari. Anayeisoma hajiulizi kama anadaiwa. Anajiuliza ni deni lipi. Mama aliyeahidi asubuhi kumtumia mwanawe pesa ya masomo, mfanyabiashara wa mchele anayesubiri namba ya mwenzake wa Bukavu: kumbukumbu ya kila mmoja wao inaukamilisha uongo. Hakuna kompyuta iliyovunjwa. Kilichovunjwa ni uaminifu wa watu wanaolipa madeni yao, na hilo linaniuma zaidi ya pesa yenyewe.

Ndugu msomaji, ukiletewa "ile", usijibu ujumbe. Mpigie mdai wako kwa namba unayoijua, umwulize: "Ipi?"