Jina Hili ni la Nani?

Katika vijiji vingi vya pwani, mtu akitaka kujua shamba ni la nani huanza kwa jirani. Jirani ndiye anayejua mnazi upi ni mpaka, nani aliupanda, na ni mtoto yupi aliyerithi. Hati, kama ipo, hutolewa sandukuni baadaye, watu wakishabishana. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi nikisoma historia ya mali isiyo na udongo wala mnazi: jina la kikoa, yaani ile anwani tunayoiandika ili tuifikie tovuti. Hata kwa majina haya, safari ya kumjua mwenyewe ilianza kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mwanamke, Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Alizaliwa mwaka 1931 huko West Virginia, Marekani, akasomea kemia, na mwaka 1972 akajiunga na maabara ya Douglas Engelbart katika taasisi ya SRI, Menlo Park, California. Wakati huo mtandao wa ARPANET, babu wa intaneti ya leo, uliunganisha kompyuta chache za vyuo vikuu, taasisi za utafiti na jeshi. Kazi ya kwanza aliyopewa Feinler ilikuwa kuandaa kitabu cha kueleza kila kituo cha mtandao kina nini, na nani aulizwe habari zake. Kazi ikakua, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeongoza kituo cha habari za mtandao kilichojulikana kwa herufi NIC.

Ukitaka kuipa kompyuta yako jina, uliwasiliana na NIC. Wao waliangalia kama limeshachukuliwa, kisha wakaliandika katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, na kompyuta nyingine zote zikachukua nakala yake. Ukitaka kumjua aliye nyuma ya jina fulani, uliwapigia simu walewale. Hapakuwa na fumbo. Daftari lilikuwa moja, mahali pamoja, mikononi mwa watu wanaofahamika.

Simu zilipozidi, ilibidi mashine ijibu badala ya mtu. Tarehe 1 Machi 1982 Ken Harrenstien na Vic White wa SRI walichapisha waraka namba 812 katika mfululizo wa nyaraka za mtandao, wakieleza huduma iliyoitwa Whois. Jina lenyewe ni swali la Kiingereza: ni nani? Uliandika jina, mashine ikakurudishia habari za mwenyewe. Waraka uliomba kila mtu mwenye uwezo wa kutuma ujumbe katika mtandao aandikishwe: jina kamili, anwani ya posta, namba ya simu, na anwani ya barua pepe. Aliyeuliza hakuulizwa yeye ni nani.

Leo mtu akisoma ombi hilo anaweza kushtuka. Lakini wale walikuwa kama watu wa mtaa mmoja. Mtandao ulilipiwa na wizara ya ulinzi, watumiaji wengi walikuwa watafiti na wanajeshi, na namba ya simu iliyoandikwa pale ilikuwa ya ofisini. Mtambo wa kompyuta ukileta matatizo usiku, ilikuwa lazima ajulikane wa kuamshwa.

Kisha mtaa ukawa mji. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alieleza mfumo mpya wa majina uliogawanyika kama mti: shina moja, matawi makubwa, vitawi vidogo, na kila tawi na mtunzaji wake. Faili moja la Menlo Park lisingeweza tena kubeba majina yote. Kituo cha Feinler kilishiriki katika kuyapanga matawi makubwa kama .com, .edu na .gov. Tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya kompyuta ya Symbolics, huko Massachusetts, ilisajili symbolics.com, na hilo ndilo jina la kwanza la .com kusajiliwa.

Nchi nazo zilipata matawi yao ya herufi mbili. Kenya ilipewa .ke mwaka 1993, Tanzania .tz mwaka 1995. Zaire ilikuwa na .zr, nchi ilipobadili jina mwaka 1997 ikapewa.cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Mtu aliyekuwa na anwani chini ya .zr hakukosa lolote, lakini tawi alilokalia lilikatwa. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu na neno “kumiliki”. Jina la .com husajiliwa kwa muda usiozidi miaka 10 kwa mkupuo, na usipolipa upya linaondoka. Ukitazama malipo, ni kama pango la nyumba.

Lakini ukiwatazama watu wanavyoligombania, ni mali. Hadi Septemba 1995 kusajili .com kulikuwa bure. Ndipo kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba wa kushika daftari hilo, ilipoanza kutoza dola 100 kwa miaka 2 ya kwanza. Mwezi uliofuata ukatokea wizi ambao wanasheria wanaufundisha mpaka leo. Gary Kremen alikuwa amesajili sex.com mwaka 1994. Mtu mwingine, Stephen Cohen, aliyekuwa ametoka gerezani kwa kujifanya wakili, alipeleka kwa msajili barua ya kughushi, iliyoonekana kuandikwa na kampuni ya Kremen. Barua ilidai kwamba Kremen amefukuzwa, kwamba kampuni haina haja tena na jina lile, na kwamba Cohen ndiye apewe. Ilieleza pia kuwa kampuni haina intaneti ya kuwasiliana na msajili moja kwa moja, ndiyo maana imemtuma Cohen. Kampuni hiyo iliitwa Online Classifieds, yaani matangazo ya mtandaoni! Msajili hakumpigia Kremen hata simu. Alifuta jina moja, akaandika lingine.

Kuanzia hapo, kila aliyeuliza Whois sex.com ni ya nani alijibiwa kwa uhakika wote kwamba si ya Kremen. Mashine haikusema uongo, ilisoma kilichoandikwa. Ilimchukua Kremen miaka 5 kurudishiwa jina lake, na mwaka 2001 Cohen akaamriwa kumlipa dola milioni 65. Cohen alikimbilia Mexico. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko California iliamua kwamba jina la kikoa ni mali, na kwamba anayelishika daftari anaweza kuwajibika akiitoa mali ya mtu kwa barua ya kughushi. Wazee wanaoamua kesi za mipaka wasingeshangaa. Hati haina nguvu kuliko uaminifu wa karani aliyeiandika.

Mwaka 1998 liliundwa shirika la ICANN kusimamia mti mzima wa majina, nalo likarithi Whois jinsi ilivyokuwa. Masharti yalikuwa yaleyale ya mtaa wa zamani: jina, anwani, simu, barua pepe, vyote wazi kwa yeyote duniani. Waandishi wa habari waliitumia kuwafichua matapeli, polisi waliitumia, kampuni ziliitumia kulinda alama zao. Matapeli nao waliitumia, wakikusanya namba na anwani kwa maelfu. Wengi waliosajili majina wakaanza kuandika habari za uongo. Wengine walilipa kampuni za kati ziandike anwani zao badala ya za wenyewe. Faragha ikawa bidhaa, na asiye na hela akabaki uwanjani.

Niliuelewa uzito wa jambo hili miaka michache iliyopita, nilipoombwa msaada na familia moja ya Tanga. Marehemu baba yao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtunzi wa mashairi. Mashairi yake mengi yalikuwa katika tovuti moja ya .com ambayo hakuna ndugu aliyejua imetengenezwa na nani. Daftari zake za karatasi zilikuwa zimelowa mvua. Mjane wake aliniuliza, “Mwanangu, kwani hakuna mahali palipoandikwa mwenyewe ni nani?”

Nikatafuta. Daftari la majina lilinipa tarehe jina liliposajiliwa, mwaka 2006. Tarehe litakapokwisha, ambayo ilikuwa chini ya miezi 2. Kampuni ya usajili. Na seva ambako jina lilielekezwa. Nchi ya mwenye jina ilionekana. Jina lake, anwani na simu vilikuwa vimefunikwa kwa maneno yanayosema kwamba habari hizo zimefichwa kwa ajili ya faragha. Palikuwa na fomu ya kumwandikia bila kumjua. Kampuni ya usajili hupokea ujumbe na kumfikishia. Nikaandika. Kisha nikafungua hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive, inayotunza nakala za tovuti tangu 1996, nikaikuta tovuti ilivyokuwa mwanzoni. Chini ya ukurasa kulikuwa na shukrani kwa mwanafunzi wa zamani, ametajwa kwa jina moja tu. Mjane alilisikia akacheka. “Huyo alikuwa akimletea mwalimu wino.”

Tukapita njia ya jirani: aliyesoma naye, shangazi yake, binamu yake. Siku chache baadaye akapiga simu mwenyewe kutoka nchi ya mbali. Alimwamkia mjane shikamoo, wakalia kidogo, wakazungumza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akililipia jina kwa fedha yake, wala hakumwambia mtu. Akatueleza pia kwa nini hakuacha habari zake mahali popote. Miaka ya mwanzo simu yake na mtaa wake vilikuwa wazi katika daftari, na mwanamume asiyemjua akawa anampigia usiku na kumtajia jengo analokaa. Alihama nyumba, akabadili namba. Habari zake zilipofunikwa, alipumua.

Jina likahamishiwa kwa familia: alifungua kufuli ya usajili, akatuma msimbo wa uhamisho, kijana mmoja wa nyumba ile akalipokea. Jioni hiyo mjane alisema neno ambalo sijapata jibu lake. “Alifanya vyema kujificha. Lakini asingekuwa na shangazi hapa, sisi tungempataje?”

Kilichomfunika mwanafunzi yule kilikuwa sheria. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza sheria yake ya kulinda habari za watu tarehe 25 Mei 2018, yenye faini inayoweza kufikia euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni, ipi iliyo kubwa. Siku 8 kabla, ICANN ilipitisha kanuni za muda zilizoruhusu habari za watu zifunikwe. Siku sheria ilipoanza, ICANN ilikwenda mahakamani mjini Bonn kuidai kampuni ya usajili ya EPAG iendelee kukusanya habari zote za zamani, ikiwa ni pamoja na za wasimamizi na mafundi wa kila jina. Siku chache baadaye mahakama ilikataa: habari za aliyesajili zilitosha. Mazoea ya miaka 36 yakavunjika ndani ya wiki moja.

Sheria za namna hiyo zimefika kwetu pia. Kenya ilipitisha yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Na tarehe 28 Januari 2025 wajibu wa kuendesha Whois ulikoma kwa matawi ya jumla kama .com, nafasi yake ikachukuliwa na mfumo uitwao RDAP. Tofauti yake kubwa ni kwamba RDAP inaweza kumwuliza mwulizaji: na wewe ni nani, na unaitakia nini? Anayeuliza kwa sababu inayokubalika anaweza kuonyeshwa zaidi ya mpita njia. Ni swali ambalo jirani yeyote mwenye busara huliuliza kabla hajakuonyesha mpaka wa shamba.

Nani basi anahesabika kuwa na sababu? Polisi mwenye karatasi ya mahakama anasikilizwa. Kampuni kubwa yenye mawakili inasikilizwa. Mjane wa Tanga anayetafuta mashairi ya mumewe ana fomu ya kujaza, na kungoja. Sitaki tuurudie uwanja wa wazi wa zamani. Nimesikia sauti ya aliyeumizwa nao. Lakini daftari linalomjibu mwenye wakili peke yake nalo lina kasoro, na hiyo ndiyo kazi iliyobaki mbele ya wanaotunga kanuni hizi.

Kwa sasa, ninaposhauriwa na watu wenye tovuti ya ukoo, ya msikiti, ya shule au ya mtunzi mmoja, nawaambia waandike kwenye karatasi vitu vitatu: kampuni iliyosajili jina, nani mwenye akaunti, na tarehe ya kwisha. Karatasi hiyo ikae pamoja na hati za nyumba, na angalau watu wawili wajue ilipo. Feinler mwenyewe aliondoka NIC mwaka 1989 bila kuziacha nyaraka za mtandao ule zitupwe. Alizihifadhi, na baadaye akazikabidhi kwa jumba la makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California. Anayetaka kujua nani aliomba jina gani katika miaka ile ya mwanzo anaweza kwenda kuzisoma. Ziko kwenye maboksi, ni karatasi.