Watoto Waliowatetea Watoto

Ndugu msomaji, ukienda sokoni Nambale kununua mihogo ya futari, siku ya shule, saa nne asubuhi, hebu angalia ni nani anayesukuma mikokoteni. Kisha fika mpakani, Busia au Malaba, uone ni nani anayebeba mizigo ya watu kupitia njia za panya. Utaniambia, "Si mtoto anasaidia wazazi?" Kusaidia baada ya masomo ni malezi mema, nani atakataa? Tunaongea juu ya yule ambaye wenzake wako darasani naye yuko kazini.

Je, wajua kwamba sheria za kumlinda zilisukumwa pia na watoto wenzake?

Iqbal Masih alizaliwa Muridke, karibu na Lahore, Pakistan. (Jina lisikuchanganye, familia yake ilikuwa ya Kikristo.) Akiwa na miaka 4 hivi aliwekwa rehani kwa mwenye karakana ya mazulia, kwa mkopo wa rupia 600. Akafuma saa 12 na zaidi kwa siku. Na deni je? Likazidi kupanda! Akila, anaandikiwa. Akikosea, faini, anaandikiwa. Hiyo ndiyo hila ya kazi ya rehani: unalipa kila siku na unadaiwa zaidi.

Alipofika miaka 10 hivi akatoka, akaingia shule ya chama kilichowakomboa wafanyakazi kama yeye, akaanza kusema hadharani. Mwaka 1994 alifika Sweden na Marekani. Tarehe 16 Aprili 1995 akapigwa risasi, akafa. Alikuwa na miaka 12 hivi.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. La hasha! Wanafunzi wa Broad Meadows, mji wa Quincy, Marekani, ambao aliwatembelea Desemba 1994, walichangisha dola 12 kwa kila mtu. Kwa nini 12? Waliambiwa hiyo ndiyo bei aliyouzwa, na ndiyo miaka aliyoishi. Zikapita dola 100,000, zikajenga shule Kasur, Pakistan. Hawa walikuwa watoto wa darasa la saba, jamani.

Kisha mwaka 1998 yakaja maandamano ya dunia nzima. Yalianza Manila mwezi Januari, yakapita mabara kadhaa, na Juni watoto waliowahi kutumikishwa wakaingia Geneva kwenye mkutano wa ILO, Shirika la Kazi Duniani. Mwaka mmoja baadaye, 17 Juni 1999, mkutano huo ukapitisha Mkataba namba 182 dhidi ya kazi mbaya zaidi za watoto. Kenya na Uganda, pande zote mbili za mpaka wetu, ziliuridhia 2001. Mwaka huohuo Kenya ikapata Sheria ya Watoto, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2022.

Lakini karatasi peke yake haimshibishi mtu. Kwa maoni yangu, kilichowatoa watoto wengi kazini hapa kwetu ni karo kufutwa shule za msingi Januari 2003. Zaidi ya watoto milioni 1 wakajaa madarasani ghafla, wengine wakikaa chini sakafuni.

Mwaka 2000 ILO ilikadiria watoto milioni 246 wanatumikishwa duniani. Mwaka 2024 ni milioni 138, na zaidi ya nusu yao wako mashambani. Ukimjua mmoja huku kwetu, mwambie chifu, au piga 116. Simu hiyo ni ya bure, usiku na mchana.