Soko la nyumba lililofufuliwa na tofali

Mwaka 2025 ilitimia miaka 30 tangu Benki ya Nyumba Tanzania ifungwe, ikiwa imelemewa na mikopo isiyolipika. Wapo wanaoamini kuwa kifo hicho ndicho kilichodumaza soko la nyumba nchini. Historia yenyewe inakataa. Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, ikataifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, kisha benki hiyo ikafuata. Lakini uchumi ulipoanguka, aliyeinua soko ni mwananchi aliyeweka akiba yake kwenye tofali.

Tofali hilo lilikuwa na ugomvi wake. Mwaka 1977, akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakaripia wananchi kwa kung'ang'ania saruji na bati. Kwake, saruji ilikuwa udongo tu uliopewa hadhi ya Kizungu, ilhali tofali za kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa hapahapa. Kwa upande wa ufundi alisema kweli, maana chini ya kigae hakuna joto la bati. Kwa upande wa pesa, hata hivyo, waliokaripiwa ndio walioona mbali. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda, na katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei ukawa unapita asilimia 25 mwaka baada ya mwaka. Shilingi iliyolala benki iliyeyuka. Mfuko wa saruji uliofyatuliwa tofali ulibaki na thamani yake. Ndivyo nyumba zilivyopanda: msingi mwaka huu, kuta hadi linta mwaka ujao, kisha pagale linasimama, nyasi zimeota sebuleni na nondo zimechomoza. Baadaye mwenyewe anapaua vyumba viwili, anahamia bila dari, anapangisha cha uani, na kodi yake inanunua madirisha. Hakuna karani wa mikopo aliyehusika.

Wataalamu wa mipango miji watasema ufufuo huo ndio uliotuachia mitaa isiyopitika na gari la zimamoto. Ni kweli, ila lawama si ya mjenzi. Sinza na Kijitonyama jijini Dar es Salaam, ambako katika miaka ya 1970 Serikali ilipima viwanja kwanza kwa fedha za Benki ya Dunia, mjenzi yuleyule wa tofali kidogokidogo alijenga kwenye mitaa iliyonyooka. Kilichopungua kwingine ni vigingi vya mpima ardhi. Tangu wakati huo tumetunga sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 na kuanzisha, mwaka 2010, kampuni ya kuzikopesha benki fedha za mikopo hiyo. Bado mikopo yote ya nyumba haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Wizara inayotaka soko la nyumba likue ingeanza na kupima viwanja kabla watu hawajajenga, na mjadala wa riba ungefuata baadaye.