Yoder: Amani ya Nani?

John Howard Yoder (1927–1997), mwanateolojia Mmennonite wa Marekani, alichapisha The Politics of Jesus mwaka 1972. Dai lake: msalaba si faraja ya moyoni tu, ni siasa, mfuasi wa Yesu hashiki silaha. Hoja nzito hiyo. Lakini uchunguzi ulioagizwa na kanisa lake na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba aliwadhulumu kingono wanawake wengi, yakadiriwa zaidi ya 100. Sasa mhakiki afanyeje? Ati tutenganishe mwandishi na matini? Mimi sikubali. Ndani ya kitabu chenyewe mna sura inayotetea utii wa hiari, wa mke na wa mtumwa. Tuisome upya sura hiyo, tukiuliza: amani hii ilimlinda nani, na nani aliambiwa avumilie?