Daktari Boachie-Adjei na watu wenye migongo iliyopinda

Katika makanisa yetu ya Yahuma, na hata Kisangani mjini, tunawafahamu watu wenye kibiongo. Mara nyingi hukaa benchi la nyuma, na wengine hunong'ona kwamba wamelogwa. Kwa hiyo tunawaletea habari za daktari Mwafrika aliyetumia maisha yake kuwatibu watu wa namna hiyo.

Oheneba Boachie-Adjei alizaliwa Kumasi, nchini Ghana. Mwaka 1972 alikwenda Marekani, akasoma Brooklyn College, kisha akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1980. Alijifunza upasuaji wa mifupa katika Hospital for Special Surgery, New York, na upasuaji wa uti wa mgongo huko Minnesota. Baadaye aliongoza huduma ya migongo iliyopinda katika hospitali hiyo ya New York. Wenzake walimchagua pia kuwa rais wa Scoliosis Research Society, chama cha kimataifa cha wapasuaji na watafiti wa ugonjwa huu.

Lakini hakuisahau Afrika. Mwaka 1998 alianzisha shirika la FOCOS, na mwaka 2012 likafungua hospitali yake Pantang, Accra, yenye vitanda 50. Wagonjwa wengi wametoka Ethiopia, wakitumwa na daktari Rick Hodes anayehudumu huko.

Wengi hufika wamechelewa. Mgongo uliopinda sana utotoni huweza kuendelea kupinda ukubwani, ukabana mapafu na hata neva za miguu. Wengine mifupa yao imeliwa na kifua kikuu. Wenye hali nzito hufungwa kwanza pete ya chuma kichwani, na uzito huivuta polepole kwa majuma au miezi. Ndipo hupasuliwa, na pingili za mgongo hushikwa kwa skrubu na vyuma. Pengine pingili nzima huondolewa. Mgonjwa anaweza kupooza miguu. Kwa sababu hiyo Boachie-Adjei na wenzake waliandika katika utafiti wao hata madhara yaliyotokea. Wakatengeneza kipimo cha alama kinachoangalia hali ya mgonjwa, ukubwa wa pindo na aina ya upasuaji, ili hatari ijulikane mapema.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Accra ni mbali mno na Yahuma. Lakini kifua kikuu cha mgongo kikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona kwa vidonge, na hapa Kongo dawa hizo hutolewa bure. Mtu akiwa na maumivu ya mgongo yasiyokwisha, homa, jasho la usiku, kukonda au miguu kulegea, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kibiongo kitokee. Asikandwe wala kunyooshwa kwa nguvu, maana mfupa uliooza huvunjika. Na mtu mzima aliyekwisha kupinda, akianza kukosa pumzi au kushindwa kutembea, asindikizwe hospitali.

Mwanamke wa Luka 13 alikuwa amepinda miaka 18, naye alikuwa katikati ya kusanyiko. Tuendelee kuwaombea wagonjwa wetu, na Jumatatu tutafute pikipiki au mtumbwi wa kuwafikisha kwa mganga.